ULIZA MJOMBA: Jumanne mswada, Jumanne ingine sheria?

Mwezi huu boksi la barua limejaa maswali ya Bunge, sijui mmekaa wapi mkaambiana. Nimetoa tano. Wale wa mambo ya ndoa na mashamba mnisubiri, nitawafikia.

*

*Mjomba shikamoo. Mimi niko Malaba hapa mpakani, nina kibanda cha mobail mani na kuchaji simu. Kuna chama chetu cha kuweka akiba, tuko watu 26, tulitaka kupandisha faini ya mtu anaechelewa mkutano kutoka elfu moja iwe elfu mbili. Mjomba hiyo faini tu imetumaliza mikutano mitatu. Ya kwanza katibu hakuandika kwenye ajenda, ya pili akina mama wa sokoni wakasema hawakuambiwa mapema wakakataa kupiga kura, ya tatu ndo ikapita tena kwa kelele. Sasa jirani yangu anaeuza spea za pikipiki akanicheka, anasema nyinyi na faini yenu mko polepole kuliko Bunge, ati Bunge lilipitisha sheria ya jeshi kwa wiki moja. Nikabisha, tukaweka beti ya kreti moja ya soda. Nani analipa? Na kama ni kweli, inaruhusiwa?*
*Ejenti, Malaba*

Marahaba mpwa wangu. Soda lipa.

Mswada wa kurekebisha sheria ya UPDF, jeshi letu la Uganda, uliletwa Bungeni Jumanne tarehe 13 Mei 2025 na ukapitishwa Jumanne iliyofuata tarehe 20 Mei, na mwezi wa sita Rais akasaini. Kurasa 143. Ukitoa Jumamosi na Jumapili unabaki na siku za kazi ambazo unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, kwaiyo ni kama kurasa thelathini kwa siku, na hizi si kurasa za hadithi ati unalala kitandani unafungua. Mswada wa marekebisho unasomwa hivi: "kwenye kifungu fulani futa maneno haya na weka haya", kwaiyo ili uelewe lazima uwe na ile sheria ya zamani ya 2005 imefunguliwa pembeni, unasoma hapa unaangalia kule, mara unagundua neno moja limehamishwa na maana yote imegeuka. Mimi kurasa kumi za namna hiyo zinanipa kichwa siku nzima na mimi ni mtu wa kupenda kusoma.

Sasa inaruhusiwa? Hapo ndo utamu ulipo. Kwa kawaida mswada ukisomwa mara ya kwanza hakuna mjadala, unasomwa jina lake tu alafu Spika anautuma kwa kamati. Kanuni za Bunge zinaipa kamati siku 45 irudishe ripoti. Kamati ndo inaita watu, mawakili, vyama, mashirika, wewe na chama chako mkitaka, mnaleta memo yenu mnasema kifungu hiki kitatuumiza kwa sababu hii. Ripoti ikirudi ndo kunasomwa mara ya pili na kujadili, alafu wanaingia kifungu kwa kifungu, alafu mara ya tatu, imeisha, inaenda kwa Rais ambae ana siku 30 za kusaini ama kurudisha.

Lakini angalia hizo 45 vizuri. Ni siku 45 *zisipite*, hazisemi *zisipungue*. Dari iko, sakafu haiko. Kamati ikichukua wiki moja haijavunja hesabu ya kanuni, na pale kanuni ingine inapobana Bunge lina uwezo wa kuiweka kando kwa muda, mbunge anasimama anaomba kanuni namba fulani isitumike leo, wanasema ndiyooo, imewekwa kando. Chama chenu cha watu 26 hakina huo ujanja, ndo maana akina mama wa sokoni waliweza kuwasimamisha. Wape salamu zangu.

Na kuna kitu kingine ambacho huyo muuza spea hakukuambia. Haraka ya ule mswada ilitetewa kwamba Mahakama ya Juu imetoa hukumu, raia wasishtakiwe tena kwenye mahakama za kijeshi, kwaiyo kuna pengo, lazima lizibwe upesi. Sawa, pengo nakubali. Lakini hukumu ilitoka tarehe 31 Januari. Hesabu na mimi: Februari yote, Machi yote, Aprili yote, Mei karibu nusu, ndo mswada unafika Bungeni. Miezi mitatu na nusu ilikaa kwa waandishi wa serikali, siku saba zikaenda kwa wale waliochaguliwa na watu. Mtu akikwambia muda haukuwepo mwambie ulikuwepo, uliliwa njiani. Ni kama yule bosi anakaa na kazi wiki tatu alafu anakuletea Ijumaa saa kumi na moja jioni anasema hii ni ya jana.

Nikichukia kitu kwenye hizi sheria za mbio ni hicho. Ukiniuliza siku saba ni nyingi ama chache nitakwambia inategemea mswada, kuna miswada ya kurasa mbili haihitaji mwezi. Swali langu ni siku za nani zimekatwa. Zikikatwa kwa mawaziri sina neno. Zinakatwa siku za kamati kila mara, na kamati ndo mlango pekee ambao ejenti wa Malaba anaweza kupita na karatasi yake.

*

*Mjomba, mimi ni mwalimu Mbale. Mwaka 2018 ile kesi ya umri wa rais ilikuja kusikizwa hapa kwetu, barabara zikajaa polisi tukashindwa hata kwenda sokoni. Tangu siku hiyo najiuliza, mahakama inaweza kuvunja sheria kwa sababu tu imepitishwa vibaya, ata kama yenyewe sheria iko sawa?*
*Mwalimu, Mbale*

Mwalimu, inaweza, na imeshafanya zaidi ya mara moja, nikusimulie.

Ya kwanza ni ya zamani, wanafunzi wako hawajazaliwa. Agosti 2000 Mahakama ya Katiba ilivunja sheria moja ya kura ya maoni, na kosa mojawapo ilikua koramu, ile akidi ya wabunge, yaani waliopitisha hawakufika idadi inayotakiwa. Bunge likafanya nini? Mwezi huohuo, wiki chache tu baadae, likarekebisha Katiba yenyewe, na ndani ya marekebisho yale wakagusa mpaka hiyo habari ya koramu na namna ya kupiga kura. Yaani umekamatwa na askari huna leseni, badala ya kwenda kutafuta leseni unakimbia kubadilisha sheria ya leseni, na unaibadilisha kwa mbio hivohivo bila kufuata njia yake. Mzee Paul Ssemogerere, mwanasiasa wa upinzani, na wenzake wakaenda mahakamani wakapanda mpaka Mahakama ya Juu, na Januari 2004 marekebisho yale yakafutwa. Hesabu hapo, Mwalimu: kuipitisha siku chache, kuivunja zaidi ya miaka mitatu.

Ya pili unaikumbuka. Tarehe 20 Desemba 2013, karibu na Krismasi, watu wana mizigo ya kwenda kijijini, Bunge likapitisha ile sheria dhidi ya ushoga. Mimi hapa siingii kwenye ubishi wa sheria yenyewe, mtanijaza boksi, naongea njia tu. Waziri Mkuu wa wakati ule Amama Mbabazi alisimama mlemle ndani akasema koramu haipo, hakusikilizwa. Tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba ikaifuta yote, na sababu ilikua hiyohiyo ya koramu. Kura ya kupitisha inataka angalau theluthi moja ya wabunge wawepo, na mtu akilalamika kwamba hawapo, anaekalia kiti lazima ahakikishe. Kuhesabu vichwa ni dakika kumi. Wangesubiri dakika kumi.

Na waliporudi nayo 2023 somo la koramu walikua wamelishika, ukumbi ulijaa. Somo la muda hapana, iliingia tarehe 9 Machi ikapita tarehe 21 Machi, alafu Rais akairudisha, ikapitishwa tena Mei, na Aprili 2024 mahakama ikaiacha isimame lakini ikatoa baadhi ya vifungu. Vifungu vya kuondolewa na mahakama ni kazi ambayo kamati ingeifanya bure kama ingekaa.

Sasa hiyo ya kwenu Mbale. Mswada wa kutoa kikomo cha umri wa rais ulikuja Septemba 2017, vurugu mliziona kwenye tivii, viti vinaruka, na ukapitishwa tarehe 20 Desemba (Desemba tena, mnaona huo mwezi?) kwa kura 317 dhidi ya 97. Watu wengi wanakumbuka umri tu. Lakini ndani yake kulikua na kitu ambacho mswada wa mwanzo haukuwa nacho kabisa: wabunge walijiongezea muhula kutoka miaka mitano iwe saba. Kiliingizwa mwishoni, kikipachikwa kwenye mswada wa watu wengine kama abiria anaedandia lori linalotembea. Wananchi walioulizwa vijijini waliulizwa umri, hakuna alieulizwa miaka saba. Julai 2018 majaji waliokaa hapo kwenu wakagawanyika kwa umri, wanne wakaukubali na mmoja akakataa, lakini kwa hiyo miaka saba wote watano walisema hapana.

Kwaiyo jibu ni ndiyo Mwalimu, ila usilale ukitegemea mahakama. Inakuja nyuma ya mzigo. Wakati kesi inasubiri sheria inafanya kazi, watu wanashikwa, wanalipa, wanafungwa, na siku ikifutwa hakuna anaekurudishia ile miezi.

*

*We Mjomba unapenda kulaumu tu. Wabunge wakichelewa tunasema wanalala wanakula posho, wakiharakisha tunasema wanakimbia. Wafanye nini sasa? Mimi naendesha boda hapa Arua, hizo sheria zao ziwe za haraka ziwe za polepole hazinigusi, mimi nagusana na petroli.*
*Boda, Arua*

Kaka yangu pole na jua la Arua. Sehemu ya kwanza una haki, nitarudi. Sehemu ya pili ngoja nikukumbushe kitu.

Julai 2018 ulikua na simu? Ulimtumia mama pesa? Mwezi wa tano mwaka ule, kwenye zile siku za kukimbiza bajeti, Bunge lilipitisha marekebisho ya kodi ya bidhaa na huduma na ndani yake mlikua na mambo mawili. Moja shilingi 200 kila siku ukitaka kuingia WhatsApp na Facebook, ile Rais aliandika barua akisema ni kwa ajili ya *lugambo*, umbea. Mbili asilimia moja kwenye mobail mani. Asilimia moja si kwa kutoa peke yake. Kuweka asilimia moja, kutuma asilimia moja, kupokea asilimia moja, kutoa asilimia moja. Pesa ileile, laki ileile, inakatwa kila inapogeuka.

Wiki ya kwanza ya Julai nilikua nimepanga laini kwenye kibanda kimoja Nakawa. Mbele yangu bibi mmoja, ameandika namba ya siri kwenye kiganja kwa peni. Mtoto wake amempigia amesema nimekutumia laki. Bibi anapewa pesa, anahesabu, haifiki laki, anarudisha juu ya meza ya mbao anasema mwanangu umekosea, hesabu tena. Kijana anahesabu tena. Bibi anahesabu mara ya tatu kwa sauti, noti moja moja, anaangalia nyuma kwetu kama mashahidi, na anasema kwa upole kabisa, "mwanangu usiniibie, mimi mzee". Yule kijana alitaka kulia. Kesho yake nikapita nikakuta ametundika kipande cha boksi ameandika kwa maka nyekundu: KODI NI YA SERIKALI SIO MIMI.

Julai hiyohiyo serikali ikaanza kusema ile asilimia moja ilikua makosa, ilitakiwa nusu, tena kwenye kutoa peke yake. Makosa! Sheria imepita Bungeni, imesainiwa, imechapishwa, imeanza kukata watu pesa, ndo mtu anagundua namba si yenyewe. Ikabidi waandike mswada mwingine, ikarekebishwa kabla mwaka haujaisha. Hiyo ya 200 iliendelea mpaka 2021 ndo ikabadilishwa ikawa asilimia 12 kwenye bando. Kwaiyo usiniambie hazikugusi, zilikugusa na ulidhani ni ejenti.

Na nani alikosa? Kwenye kile kipindi wabunge wana miswada mingi ya kodi mezani kwa pamoja, na bajeti lazima ipite kufikia tarehe 31 Mei. Wakifika kifungu kwa kifungu, mwenyekiti anauliza kifungu cha nne kibaki kwenye mswada, wanaosema ndiyo, *ndiyoo*, wanaosema hapana, *kimya*, ndiyo wameshinda, kifungu cha tano. Ukitoka kwenda kuchemsha chai unarudi wako kifungu cha ishirini. Hakuna anaesimama kuuliza hebu ngoja, hii asilimia moja ikigusa laki ya bibi inabaki ngapi? Swali la darasa la sita.

Sasa ile haki yako. Kweli kuna siku mbio zinatakiwa. Aprili 2020 corona imeingia, tumefungiwa ndani, serikali inaomba bajeti ya nyongeza ya vitu kama dawa na chakula, nani angesema kamati ichukue siku 45? Mimi mwenyewe ningewapigia kelele wafanye leo. Wakafanya, zikapita shilingi bilioni 304. Lakini kwenye ule mzigo wa dharura mlikua na bilioni 10 za wabunge, milioni 20 kila mmoja, ati za kupambana na corona kwenye majimbo yao. Ikaenda mahakamani, na Rais mwenyewe akawalaumu hadharani. Ata moto ukiwa wa kweli, mtu wa kuangalia nani anatoka na tivii ya jirani lazima abaki mlangoni.

*

*Mjomba mimi nauza mitumba Bweyale. Kama wanaweza kupitisha kwa wiki moja, mbona ile ya ndoa haipiti? Mama yangu aliisikia, mimi naisikia, binti yangu nae ameanza kuisikia.*
*Mama wa mitumba, Bweyale*

Dada, umenimaliza. Hili swali ndo lingekua la kwanza.

Habari ya kurekebisha sheria za ndoa ilichunguzwa na tume ya Kalema kwenye miaka ya 1960, Obote yuko madarakani kwa mara ya kwanza. Tangu hapo ikaja mswada wa mahusiano ya nyumbani 2003, ukakwama, ikaja wa ndoa na talaka 2009, 2013 ukafika kwenye mjadala mambo yakawa moto kwa sababu ya mali za mume na mke, na Bunge likasema tusimame kwanza, wabunge waende majimboni wakaulize wananchi. Ndo hapo napenda kuwakumbusha watu: kumbe kuuliza wananchi wanajua! Njia wanaijua kabisa, na wakitaka wanasimamisha kila kitu kwa ajili yake.

Ile ya bima ya afya ya taifa nayo, Machi 2021 Bunge liliipitisha baada ya miaka mingi ya kuisubiri, haikusainiwa, Bunge likaisha muda, ikafa nalo. Kwaiyo siku mtu akikwambia sheria zinachukua muda wake, muulize sheria ipi. Ya mgonjwa na ya mke ina miguu ya kobe. Ya askari na ya kodi imepanda boda.

Sina dawa Dada. Binti yako ana miaka mingapi?

*

*Mjomba mi ni kijana Jinja, natafuta mswada mmoja nisome kabla haujapita ila nikipata ni Kiingereza cha mawakili. Kiswahili hakuna? Na nikishausoma napeleka wapi maoni?*
*Kijana, Jinja*

Kiswahili kiko kwenye Katiba tangu 2005 kama lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kwa lazima mashuleni, lakini Katiba ilisema kitatumika pale ambapo Bunge litapanga kwa sheria. Hiyo sheria ya kupanga, mpwa wangu, haijapanda boda. Miswada inaandikwa kwa Kiingereza. Kwaiyo hesabu zile siku saba za mwanzo upya: mtu wa Jinja anahitaji siku ya kusikia kwamba mswada upo, siku ya kuupata, siku ya kutafuta mtu wa kumtafsiria, siku ya kukaa na wenzake, siku ya kuandika. Hapo umeshapitishwa na hujanunua ata bahasha.

Lakini usikate tamaa, nikupe njia ninayoijua mimi. Jina kamili la mswada na mwaka wake, hiyo kwanza, usiseme "ile sheria ya simu". Alafu tafuta umetumwa kwa kamati gani, hiyo inatangazwa siku unaposomwa mara ya kwanza na magazeti yanaandika. Memo yako inaenda kwa karani wa Bunge ukitaja hiyo kamati, na si lazima uwe wakili. Usiandike kurasa kumi za kulaani serikali, hakuna atakaezisoma. Ukurasa mmoja: kifungu namba fulani, kinasema hivi, kikipita mimi na wenzangu itakua hivi, tunaomba kiandikwe hivi. Weka hesabu kama iko. Ile ya bibi wa Nakawa ingetosha, laki imeingia, kiasi hiki kimetoka.

Na mbunge wako mtafute akiwa jimboni, kwenye mazishi ama kwenye arusi, huko hawakosi. Usimuulize unaunga mkono ama unapinga, hilo wamelizoea wana majibu yake. Muulize kwa heshima, "Mheshimiwa, ule mswada ulipewa lini, na kifungu cha tano kinasema nini?" alafu nyamaza. Mimi nilimuuliza mmoja hivo kwenye mazishi, sitaji jina, aliangalia simu muda mrefu sana.

Wewe na ejenti wa Malaba nawapa kazi moja. Miswada ya kodi inatakiwa iwe imefika Bungeni kufikia tarehe 1 Aprili, hiyo ni sheria ya fedha za umma ya 2015, na bajeti inapita kufikia tarehe 31 Mei. Katikati hapo mna Aprili na Mei. Ejenti, kabla hujaweka floti ya asubuhi tarehe 2 Aprili, uliza redio yenu ya hapo kama kuna mswada unaotaja mobail mani, na ukiupata mpigie huyu kijana wa Jinja akusomee. Kreti ya soda mpelekee muuza spea wako, bora iwe baridi.